Samak, Somchai au Srettha: ukitaka kuielewa siasa ya Thailand anza na nani?

Juzi mpwa wangu kanipigia simu, shikamoo mjomba, alafu moja kwa moja akaingia kwenye shida yake. Yuko chuo, wanasoma siasa za nchi mbalimbali, wameambiwa kila mtu achague kiongozi mmoja wa serikali aliyekaa madarakani muda mfupi aeleze kwa nini hakudumu, yeye kavutiwa na Thailand maana kila akifungua habari anakuta Waziri Mkuu mwingine katolewa, ila hajui amchukue yupi. Mi Thailand naifuatilia tangu 2008, sababu nitaisema huko chini, nikamwambia nipe siku mbili nikuandikie. Nimeona niweke hapa kabisa, maana najua kuna wengine wanaulizia kitu hiki hiki, wa chuo na hata wale wanaopenda tu kuelewa habari za kimataifa bila kupotea kwenye yale majina marefu.

Kitu kimoja kwanza, muhimu. Thailand mfalme ndo mkuu wa nchi, Waziri Mkuu ndo mkuu wa serikali, anachaguliwa kwa kura za Bunge. Usimpime kwa Waziri Mkuu wetu wa Dodoma anayeteuliwa na Rais na kuthibitishwa na wabunge, akiondoka Rais anateua mwingine maisha yanaendelea. Kule Waziri Mkuu akianguka baraza zima la mawaziri linaanguka naye, na hakuna Rais wa kuteua mwingine, vyama vinaanza kutafutana upya usiku kucha.

Waliokaa muda mfupi wako wengi. Kama unahesabu siku tu, Tawee Boonyaket ndo bingwa, siku 17, kuanzia mwisho wa Agosti 1945 vita vya dunia vimeisha, akawa anashikilia kiti mpaka Seni Pramoj arudi kutoka Washington. Ni stori nzuri ila fupi, hutajaza hata kurasa nne. Suchinda Kraprayoon naye, jenerali, aliingia Aprili 1992 akatoka Mei hiyo hiyo 1992 baada ya wanajeshi kupiga risasi waandamanaji Bangkok, huyo ni mada ya jeshi na barabara, imeshaandikwa mno. Paetongtarn Shinawatra aliyeondolewa Agosti 2025 nitamgusa mwishoni, yeye bado ni wa moto, mambo yake hayajatulia.

Kwa hiyo nimebaki na watatu, Samak Sundaravej, Somchai Wongsawat na Srettha Thavisin. Nimewaweka pamoja kwa sababu wote walitokea kambi moja, kambi ya Thaksin Shinawatra, Waziri Mkuu wa zamani, na wote watatu walitolewa na Mahakama ya Katiba, wananchi hawakupata nafasi ya kuwakataa kwenye sanduku la kura na vifaru havikutoka kambini. Samak miezi saba na ushee mwaka 2008. Somchai siku 75, mwaka huo huo, akimfuata Samak. Srettha siku 358, Agosti 2023 mpaka Agosti 2024.

Naanza na Samak kwa sababu najua ndo huyo mpwa wangu alikuwa kashamchagua kimoyomoyo.

Ukimtaja Samak kwa mtu yeyote anayefuatilia siasa za Asia utaambiwa "aah, yule aliyefukuzwa kwa kupika". Ni kweli. Huyu mzee alikuwa na kipindi cha mapishi kwenye TV kinaitwa Chim Pai Bon Pai, kwa Kiswahili ni kama kuonja huku unalalamika, na alikiendesha miaka saba hivi kabla ya kuwa Waziri Mkuu. Kavaa aproni, anakatakata vitunguu, anakoroga sufuria, na wakati huo huo anaongelea siasa na kuwasema watu, basi watu wanakaa kumuangalia. Moja ya vyakula alivyojulikana navyo ni mguu wa nguruwe uliochemshwa taratibu kwenye Coca-Cola, soda inakauka inabaki ule utamu na ile rangi kwenye nyama. Ukitaka kuelewa kwa nini mtu mkali namna ile alikuwa bado anapendwa na watu wa kawaida Bangkok anzia hapo jikoni, maana gavana wa jiji aliyepata kura zaidi ya milioni moja mwaka 2000 hakuzipata kwa bahati, watu walimuona ni mtu wa sokoni anayejua bei ya samaki.

Sasa alipoapishwa mwisho wa Januari 2008 akaendelea kutokea kwenye kipindi mara chache. Hapo ndo walipomshika. Katiba ya 2007 kifungu cha 267 ilikataza Waziri Mkuu kuwa na cheo kwenye kampuni au kuwa mwajiriwa wa mtu yeyote, maseneta wakalipeleka mahakamani. Yeye akajitetea, mi siyo mwajiriwa, sina mkataba wa ajira, nilichopewa ni hela ya petroli na ya kununua vitu vya kupikia. Majaji wakaamua neno mwajiriwa lisisomwe kwa kipimo cha sheria ya kazi peke yake, lisomwe kwa maana ya kawaida iliyo kwenye kamusi, yaani anayekubali kumfanyia mtu kazi na akalipwa, hayo malipo uyaite jina lolote unalotaka. Kura 9 kwa 0, tarehe 9 Septemba 2008, kazi imekwisha.

Hapa mtu wa kwetu ana faida kubwa kuliko msomaji wa Ulaya, kwa sababu sisi tumekulia kwenye mjadala wa mshahara na posho, tunajua ilivyo rahisi kusema "hii siyo malipo, hii ni nauli". Swali la mahakama ya Bangkok lilikuwa hilo hilo. Na ni swali la kweli, mi siwacheki wale majaji kama wengi wanavyofanya. Ninachowalaumu ni kipimo, kwamba kosa la ukubwa ule likaadhibiwa kwa kuangusha serikali nzima iliyochaguliwa Desemba 2007 kwa viti 233 kati ya 480. Hapo adhabu na kosa haviendani hata kidogo.

Lakini usiishie hapo, maana wengi wanaishia hapo. Hukumu haikumzuia kurudi. Chama chake, People's Power, kilisema kitampigia kura tena, Bunge likaitishwa tarehe 12 Septemba, na kikao kikashindikana kwa sababu akidi haikutimia. Wabunge wa vyama vya mseto hawakuja, na ndani ya chama chake mwenyewe kuna walioamua kutokuja. Zile siku tatu kati ya tarehe 9 na 12 ndo za kuandika. Mahakama ilimtoa kitini siku moja, ila waliomfungia mlango asirudi ni watu aliokuwa anakula nao.

Alafu kuna Samak wa zamani, na hapa nataka mpwa wangu anisikilize vizuri. Huyu hakuwa mpishi aliyepotelea kwenye siasa. Mwaka 1976 alikuwa anatumia redio ya jeshi kuwachochea watu dhidi ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Thammasat, akiwaita wakomunisti, na tarehe 6 Oktoba wanafunzi wakauawa pale chuoni, wengine kwa kuning'inizwa na kuchomwa moto, hesabu rasmi ni 46. Baada ya hapo akapewa Wizara ya Mambo ya Ndani. Miaka 31 na ushee baadaye, Februari 2008, tayari ni Waziri Mkuu, mtangazaji wa CNN akamuuliza, akajibu kwamba alikufa mtu mmoja tu. Mmoja. Mi hilo sijawahi kulimeza, na ukimuandika Samak ukaweka sufuria mbele na ile siku ya Oktoba ukaisukuma kwenye aya moja ya chini, umewakosea wale wanafunzi mara ya pili.

Na kuna kitendawili ndani yake ambacho mwalimu wako atakipenda. Samak alikuwa mfuasi wa ufalme tangu ujana, mtu wa mrengo wa kulia kabisa, mwaka 1992 alikuwa Naibu Waziri Mkuu kwenye serikali ya yule Suchinda. Inakuwaje 2008 waandamanaji wa shati za njano, rangi ya mfalme, wavamie ofisi yake tarehe 26 Agosti wakisema wanalinda ufalme? Jibu ni Thaksin. Jeshi lilimpindua Thaksin Septemba 2006, chama chake cha Thai Rak Thai kikafutwa Mei 2007, watu wake wakahamia People's Power wakamuomba Samak awe sura ya mbele, na yeye hakuficha, alisema wazi anamwakilisha Thaksin. Kuanzia siku ile maisha yake yote ya kupenda ufalme yakawa hayamsaidii kitu. Aliondoka madarakani Septemba, mwaka uliofuata, Novemba 2009, akafariki kwa kansa ya ini akiwa na miaka 74.

Kwa hiyo Samak ana nyama nyingi, miaka arobaini ya siasa. Ubaya wake ndo huo huo, mtu mwenyewe ni mkubwa kuliko mada. Utaandika kurasa ishirini za wasifu na swali la "kwa nini hakudumu" likabaki na kurasa mbili.

Srettha ni kinyume chake karibu kila kitu. Bwana mmoja mrefu, mita 1.9 na kitu, tajiri wa kujenga na kuuza nyumba, alikuwa bosi wa kampuni ya Sansiri, hajawahi kushika cheo chochote cha siasa, anajulikana na soksi zake za rangi rangi. Aliingia kwa mlango wa ajabu. Uchaguzi wa Mei 2023 ulishindwa na Move Forward, chama cha vijana, viti 151, Pheu Thai ya kina Thaksin ikapata 141. Lakini kwa katiba ile maseneta 250 waliowekwa enzi za jeshi walikuwa wanapiga kura ya Waziri Mkuu pamoja na wabunge, wakamkataa kiongozi wa Move Forward, Pita Limjaroenrat. Pheu Thai ikawaacha Move Forward ikaenda kuungana na vyama vya wale wale majenerali waliowapindua, na tarehe 22 Agosti 2023 Srettha akapata kura 482. Siku hiyo hiyo, asubuhi, ndege binafsi ya Thaksin imetua Bangkok baada ya miaka 15 uhamishoni. Watu wakaunganisha hayo mawili, na mi nawaunga mkono, sidhani kama kalenda inapanga vitu hivyo yenyewe.

Kazi alifanya, tusimuonee. Alizunguka nchi nyingi kutafuta wawekezaji, akafungua milango kwa watalii wa China bila viza, akabishana hadharani na benki kuu kuhusu riba, na sheria ya ndoa za jinsia moja ilipita Bungeni Juni 2024 akiwa kwenye kiti. Ahadi yake kubwa ilikuwa kumpa kila mtu mzima baht 10,000 kwenye pochi ya simu, watu kama milioni 50, ikawa inaahirishwa, inaahirishwa, mpaka katoka. Awamu ya kwanza ikaja kutolewa Septemba 2024 tena kwa keshi na kwa wenye uhitaji tu, yeye yuko nyumbani.

Kilichomtoa sasa. Aprili 2024 akamteua Pichit Chuenban kuwa waziri kwenye ofisi yake. Pichit alikuwa wakili wa familia ya Thaksin, na Juni 2008 alifungwa miezi sita kwa kudharau mahakama, kesi ya mfuko wa karatasi uliopelekwa kwa maofisa wa mahakama, nje unaonekana kama zawadi ya vitafunwa, ndani baht milioni 2. Angalia huo mwaka tena, 2008. Mfuko uliokabidhiwa wakati Samak yuko madarakani ndo umekuja kumuangusha mtu mwingine miaka 16 baadaye. Maseneta 40 wakapeleka shauri, Pichit akajiuzulu haraka Mei kumuokoa bosi, haikusaidia, tarehe 14 Agosti 2024 majaji wakasema Srettha alijua au alipaswa kujua kwamba mtu yule hana uadilifu unaotakiwa na katiba ya 2017. Kura 5 kwa 4. Jaji mmoja tu angeegemea upande wa pili, Srettha anaendelea.

Linganisha hapo. Samak alihukumiwa kwa alichofanya kwa mikono yake mbele ya kamera, ushahidi upo, bishano ni la maana ya neno. Srettha kahukumiwa kwa kumteua mtu ambaye adhabu yake alishaitumikia, bishano ni la maana ya "uadilifu", kitu ambacho hakuna kamusi itakayokimaliza. Kisheria kesi ya Srettha ina kina zaidi na ina kura zilizogawanyika, kwa hiyo mwanafunzi wa sheria mi namwambia achukue Srettha bila kufikiri mara mbili. Soma hoja za wale wanne waliobaki upande wa pili, ndo utamu ulipo.

Ila kwa mwanafunzi wa siasa ana tatizo, mwenyewe hakuwa na watu. Hakuwa na jimbo, hakuwa na kundi la wabunge, siku mbili baada ya kutolewa Bunge likamchagua Paetongtarn binti wa Thaksin kwa kura 319, na hakuna barabara iliyofungwa kwa ajili ya Srettha. Ukimuandika utajikuta kila ukurasa unarudi kwa Thaksin, unaandika kivuli.

Nimefika kwa Somchai, na huyu ndo ninayemtaka mimi.

Nilisema nitaeleza kwa nini naifuatilia Thailand. Nina rafiki yangu wa Arusha, anafanya biashara ya madini ya vito, na wafanyabiashara wa vito wanaijua Bangkok kama wanavyojua njia ya kwenda Mirerani, ndo soko. Novemba 2008 alikuwa anarudi, kafika uwanja wa Suvarnabhumi jioni na begi lake, akakuta watu wa shati za njano wameingia mpaka ndani, maelfu, wameshika vile vikofi vya plastiki vya umbo la kiganja wanavipiga kwa pamoja, kakakaka, usiku kucha. Ndege zote zimesimama. Kalala siku mbili juu ya begi karibu na kaunta, akifungua macho anaona akina mama wa makamo wanagawa wali kwa abiria waliokwama, wapole kabisa, wanatabasamu, na hao hao ndo wamefunga uwanja. Alinipigia simu akaniambia "kaka, hawa siyo wahuni, hawa ni watu wenye hela zao, sielewi". Mwishowe wakapakiwa kwenye basi wakapelekwa uwanja wa jeshi la majini, U-Tapao, foleni mpaka nje juani, ndo akatoka. Lile neno lake, sielewi, ndo lilinifanya nianze kusoma.

Na Waziri Mkuu wakati huo alikuwa Somchai Wongsawat, ambaye watu wanamruka. Jaji mstaafu, katibu mkuu wa Wizara ya Sheria miaka mingi, mtu wa sauti ya chini, hana kipindi cha TV, hana soksi. Kosa lake kubwa mbele ya wapinzani ni ndoa, mke wake Yaowapha ni dada mdogo wa Thaksin. Alichaguliwa na Bunge tarehe 17 Septemba 2008 kwa kura 298 dhidi ya 163 za Abhisit Vejjajiva, kiongozi wa upinzani, na kuanzia siku hiyo mpaka anaondoka hakuwahi kukaa hata siku moja kwenye ofisi ya Waziri Mkuu, kwa sababu waandamanaji walikuwa wanaishi mle tangu enzi za Samak, wamepiga mahema kwenye bustani. Akafanyia kazi kwenye jengo la uwanja wa ndege wa zamani, Don Mueang. Mwisho wa Novemba na hapo wakapavamia.

Tarehe 7 Oktoba alitakiwa kusoma sera za serikali yake Bungeni, kikatiba lazima. Waandamanaji wakalizunguka Bunge tangu usiku. Alfajiri polisi wakapiga mabomu ya machozi ili wabunge waingie, watu wakaumia mamia, wengine viungo vikakatika, wawili wakafa siku ile. Naibu wake, Chavalit Yongchaiyudh, akajiuzulu siku hiyo hiyo. Somchai akasoma hotuba yake, alafu njia za kutokea zote zimefungwa, ikabidi mkuu wa serikali, miaka 61, apande uzio wa nyuma wa Bunge arukie upande wa pili akachukuliwe na helikopta. Siku chache baadaye Malkia Sirikit akaenda kwenye mazishi ya mwandamanaji mmoja, mwanamke kijana aliyeuawa siku ile, na kila mtu Thailand akaelewa kilichosemwa pale bila neno kutamkwa. Tarehe 16 Oktoba mkuu wa jeshi la nchi kavu, Anupong Paochinda, yuko kwenye TV na makamanda wenzake anaeleza kwamba angekuwa yeye angejiuzulu.

Unaona? Jeshi halijatoa kifaru. Ikulu ya mfalme haijatoa tamko. Bunge linafanya kazi. Na mtu hatawali kitu chochote. Novemba akaenda Peru kwenye mkutano wa APEC, ule wa uchumi wa nchi za Asia na Pasifiki, wakati wa kurudi uwanja wa Bangkok umetekwa, ndege yake ikaenda kutua Chiang Mai kaskazini, akatawala kutokea huko wiki moja ya mwisho. Aliwatangazia hali ya hatari kwenye viwanja vya ndege, hakuna aliyeondolewa. Tarehe 2 Desemba Mahakama ya Katiba ikafuta chama chake pamoja na viwili vya washirika, viongozi wote miaka mitano nje ya siasa, na sababu haikuhusu chochote alichofanya Somchai. Makamu mmoja wa chama, Yongyut Tiyapairat, alipatikana na hatia ya kuwahonga watendaji wa vitongoji vya Chiang Rai kwenye uchaguzi wa 2007, na katiba ilisema kiongozi mmoja akikosa chama kizima kinakwenda. Waandamanaji wakasema wameshinda wakafungasha, siku chache ndege zikaruka.

Sasa kwa nini namuweka mbele ya Samak mwenye stori tamu na Srettha mwenye kesi ngumu? Kwa sababu kwa Somchai mtu mwenyewe hazibi mashine. Siku 75 na unaona kila chuma kikifanya kazi, barabara, polisi, malkia, jenerali, mahakama, chama kufutwa, halafu wabunge kuhama. Hiyo ya mwisho ndo dhahabu. Baada ya hukumu, Naibu Waziri Mkuu Chaovarat Chanweerakul akakaimu kiti kwa wiki mbili hivi. Kundi la wabunge wa Newin Chidchob, bwana wa Buriram (yule mwenye timu ya mpira), likawaacha kina Thaksin likahamia kwa Abhisit, na tarehe 15 Desemba Abhisit akashinda Bungeni 235 kwa 198 bila uchaguzi mkuu. Wale waliohama wakajikusanya kwenye chama kinaitwa Bhumjaithai, Chaovarat akawa kiongozi wake.

Ruka mpaka 2025. Paetongtarn simu yake na Hun Sen, Waziri Mkuu wa zamani wa Kambodia, inavuja Juni, anasikika akimwita mzee yule anko, Mahakama ya Katiba inamsimamisha Julai na kumtoa tarehe 29 Agosti kwa 6 kwa 3. Nani kachukua kiti Septemba? Anutin Charnvirakul, kiongozi wa Bhumjaithai. Baba yake ni Chaovarat. Na Desemba hiyo Pheu Thai ilipotafuta sura mpya ya kugombea uwaziri mkuu ikamtangaza Yodchanan Wongsawat, profesa wa Chuo Kikuu cha Mahidol, mtoto wa Somchai. Yaani aliyetolewa Desemba 2008 na aliyemkaimia, watoto wao ndo wamekuja kukutana. Hilo kwa Samak hulipati, kwa Srettha hulipati.

Na faili lake limefungwa, hii kwa mtu anayeandika ni nafuu kubwa. Agosti 2017 Mahakama ya juu kabisa ya nchi ilimwachia huru kwenye kesi ya yale mabomu ya machozi ya Oktoba 7. Una mwanzo, kati na mwisho.

Ubaya wake nao niuseme. Mwenyewe hasemi mengi, hotuba za kunukuu ni chache, wasifu wake ni mkavu, ukiwa unaandikia watu wa kawaida wasome wafurahie, hawatafurahia, wape Samak na sufuria lake ila uwape na Oktoba 1976. Ukiwa wa sheria nishasema, Srettha. Ukiwa unataka kuelewa kwa nini mtu anashinda kura Thailand na bado hatawali, chukua Somchai hata kama kila mtu darasani anakushangaa.

Na tahadhari moja kwa yeyote utakayemchukua: majina ya Kithai yanaandikwa kwa herufi zetu kwa namna tofauti tofauti, huyo Chaovarat utamkuta pia Chavarat, na lile jina la ukoo utalikuta Chanweerakul kwa baba na Charnvirakul kwa mtoto, ukidhani ni koo mbili umeshapotea. Jaribu kutafuta kwa namna zote.

Mpwa wangu kasoma haya jana usiku. Kaniandikia, "mjomba nachukua Somchai, naanzia pale kwenye uzio." Nimemwambia aanze, ila kwanza akahakikishe Bunge lao wakati ule lilikuwa wapi pale Bangkok na nyuma ya ule uzio kulikuwa na nini, maana ni eneo la kasri la kifalme.